Alama za Magoti Katika Shamba la Komora

Kitu cha kwanza kilichomtia Mwalimu Zipora shaka kilikuwa kibirika. Kilikuwa cha plastiki, rangi ya kijani, chenye mdomo mrefu uliopinda, kimewekwa nyuma ya mlango wa bafu kana kwamba kimekuwapo siku zote. Hakikuwapo. Zipora alizijua sufuria, ndoo na vikombe vya nyumba yake jinsi alivyowajua wanafunzi wake enzi zile, na huyu alikuwa mgeni darasani. Tena Garissa nzima hakuna asiyejua kibirika ni cha nini. Vimepangwa safu mbele ya kila msikiti, watu wanatawadhia kabla ya kuswali.

"Maro," alimwita mwanawe, "kibirika hiki cha nani?"

"Changu, mama."

"Cha kufanyia nini?"

"Cha maji," Maro akasema, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Zipora alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, na jibu fupi namna hiyo alilifahamu. Ni jibu la mtoto aliyekaa juu ya kitu asichotaka kionekane.

Zipora alizaliwa Ngao, kule mto Tana unakokaribia kuingia baharini, katika ukoo wa walimu na wainjilisti. Alisoma hadi chuo cha ualimu wakati wasichana wengi wa rika lake walikuwa wanabeba mtoto wa pili. Barua ya uhamisho ndiyo iliyompandisha mto hadi Garissa akiwa na miaka ishirini na minne, na barua nyingine tatu zilizotaka kumtoa alizijibu kwa mwandiko mzuri mpaka wakubwa wakachoka. Hapo ndipo alipoolewa na Komora, karani wa mradi wa umwagiliaji, mtu wa maneno machache aliyepiga misumari ya kwanza ya kanisa la mabati karibu na mto. Sasa kanisa lilikuwa la mawe, lina lango la chuma na askari wawili wa kupekua watu kila Jumapili. Komora alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Lakini jina lake lilikuwa bado limesimama, na Zipora ndiye aliyelilinda.

Jina hilo lilionekana zaidi katika Juma la Uumbaji. Komora mwenyewe ndiye aliyelianzisha. Kila mwaka, kabla ya sadaka ya mavuno, washirika walikutana alfajiri sita katika nyumba sita, na kila alfajiri wakasoma siku moja ya kuumbwa ulimwengu. Siku ya kwanza taa iliwashwa ikazimwa jua lilipochomoza. Siku ya pili beseni la maji liliwekwa uani, mbingu ikaonekana ndani yake. Siku ya tatu ililetwa mikungu ya ndizi, vitunguu, miche. Ya nne watu walitoka nje kabla hakujapambazuka, wakatazama nyota zikiondoka moja moja. Ya tano ilikuwa ya samaki wa Tana na kuku, ya sita ya mbuzi na watoto, na hapo kelele ilikuwa moja tu. Kisha Jumapili, siku ya saba, mtu wa nyumba ya Komora alisimama mbele ya kanisa, akasimulia siku zote sita bila kitabu, halafu akaliongoza kanisa kumwabudu Muumba.

Tangu mumewe afe, Zipora ndiye aliyesimama. Mwaka huu wazee wa kanisa walikuwa wamemtaja Maro. Kila mtu alielewa maana yake: akisimama vizuri, kabla ya Krismasi atakuwa mzee wa kanisa kama baba yake.

Na sasa kibirika.

Maro alikuwa na miaka thelathini na mmoja, bado hajaoa, daktari wa mifugo. Alikuwa amerudi miezi miwili iliyopita kutoka Diff, huko mpakani na Somalia, alikokaa miezi minane ya ukame akitibu wanyama wa wafugaji. Alirudi amekonda, haongei sana. Mamaye alifikiri ni uchovu. Lakini baada ya kibirika alianza kuunganisha mambo. Maro aliamka saa kumi na moja kasoro. Alitoka na maji. Alikwenda shambani peke yake, na aliporudi, suruali yake ilikuwa na udongo magotini. Siku moja, Zipora aliuona hata kwenye kipaji cha uso.

Jumanne alfajiri, siku ya pili ya uumbaji, walikuwa nyumbani kwa Hawayu, mwenyekiti wa kina mama. Hawayu alisogea hadi kwenye bega lake wakati wengine wakinywa chai.

"Mama Maro, kijana wako hatumwoni."

"Ana kazi."

"Ndiyo tumesikia. Tunaambiwa anaamka mapema kuliko sisi sote. Ati anainama shambani mpaka chini." Hawayu akacheka, mkono mdomoni. "Nimewaambia labda anatafuta viwavi."

"Vitunguu vina viwavi mwaka huu," Zipora akasema.

"Basi tuombe, mwenzangu. Viwavi wa siku hizi wanaingia hata kwenye nyumba nzuri."

Zipora aliweka kikombe chini. Kwa hiyo wameshaona. Wameshaanza.

Kesho yake Kaltun, mama wa Kisomali, alipita na maziwa ya ngamia, kama kila asubuhi kwa miaka tisa. Zipora alimkaribisha kiti, jambo ambalo Kaltun alilishangaa, kwa sababu kwa kawaida walizungumzia mlangoni.

"Kaltun, mume wako Bishar huswali msikiti ule wa karibu na mto?"

"Saf ya kwanza kila siku. Kwa nini, mwalimu?"

"Nauliza tu. Huwa anaona nani na nani pale?"

Kaltun alimwangalia, akashusha mtungi. "Mwalimu, unataka mimi kuwa bolisi? Sema kitu iko roho yako."

Ikabidi Zipora aseme, kwa sauti ya chini, akilizungusha neno mara tatu. Kaltun alipoelewa, alipiga paja na kucheka hadi shungi likateleza.

"Wallahi mwalimu! Hiyo kijana yako akisilimu, si mtaa yote itajua? Si tutachinja mbuzi? Watu watakuja kumbongeza hapa kwa mlango yako, wewe mwenyewe utabika chai! Mtu hafichi kitu fizuri."

"Labda anaogopa."

"Anaogoba nani?"

Zipora akageukia maziwa. Kaltun akabeba mtungi wake. "Anaogoba wewe," akasema, na akaondoka bado anacheka.

Maneno hayo hayakumtuliza. Mtu anayeaminika ndiye hutumiwa kuficha siri. Tena mbona Kaltun alikuwa mwepesi kucheka hivyo, kama hakuna alijualo? Alhamisi, Maro alipokwishaenda kazini, Zipora alitoa kabatini dira ya zamani ya kufundishia jiografia na kushuka shambani.

Shamba la Komora lilikuwa ekari moja na nusu kwenye ukingo wa mto: migomba, vitunguu, mipapai, na banda la pampu. Hakuhangaika kutafuta. Katika mtaro mmoja kati ya matuta ya vitunguu, udongo laini ulioachwa na maji ulikuwa na mashimo mawili ya magoti, mbele yake viganja viwili, na kati ya viganja, duara dogo lililokandamizwa. Kipaji cha uso. Mtu alikuwa ameinama hapo si mara moja.

Aliweka dira juu ya kiganja chake. Sindano ikayumba, ikatulia. Alitazama sindano, akatazama alama, kisha akainua macho kutazama msikiti uliokuwa ng'ambo ya barabara. Kutoka Garissa kibla iko kaskazini, hata mtoto wa chekechea anajua. Ukuta wa msikiti, sindano ya dira na magoti ya mwanawe vilikuwa vimeshika mstari mmoja.

Alikaa juu ya jiwe la pampu.

Mambo mengi yalimpita kichwani, na la kwanza, Mungu amsamehe, halikuwa Mungu. Lilikuwa uso wa Hawayu. La pili lilikuwa Jumapili: Maro amesimama pale aliposimama baba yake, anasimulia jinsi nuru ilivyotengwa na giza, huku moyoni amekwishahama. Zipora aliipenda hadithi ile kuliko zote kwa sababu ya utaratibu wake. Aliwafundisha watoto kwa miaka thelathini na minne kwamba Mungu hakukurupuka. Alitenga kwanza, akajaza baadaye. Hakuumba samaki kabla ya maji wala mbuzi kabla ya majani. Na kila kitu alikiita kwa jina lake. Nuru ni nuru, giza ni giza. Je, mtu anaweza kusimama mbele ya watu akisifu utaratibu huo na yeye mwenyewe hajulikani yu upande gani?

Ijumaa alimfuata mzee Buya, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, dukani kwake.

"Maro ana homa," alimwambia. "Nafikiri alirudi nayo kutoka Diff. Jumapili nitasimama mimi."

"Pole sana, mwalimu. Tuje kumwombea?"

"Hapana, hapana. Anahitaji kulala."

Aliporudi barabarani alihisi masikio yanamwaka. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa amewahi kumfukuza mwalimu kazini kwa uongo mdogo kuliko huo. Lakini alijiambia kwamba nyumba inayoungua huzimwa kwa maji yoyote yaliyo karibu.

Jumamosi hakwenda kwa akina Jilo kusoma siku ya sita. Alishuka shambani kabla ya mwanawe, akajibanza nyuma ya banda la pampu kama msimamizi wa mitihani.

Maro alikuja na kibirika. Alikaa juu ya tuta, akanawa mikono, uso, miguu, polepole, kisha akaingia mtaroni, akapiga magoti, akainama mpaka kipaji kikagusa udongo. Kaskazini. Mamaye alisubiri kusikia Kiarabu. Hakusikia chochote, maana Maro alikuwa kimya. Ukimya huo ndio uliomshinda. Alitoka nyuma ya banda.

"Simama!"

Maro hakusimama. Mgongo wake ulishtuka, lakini alibaki chini mpaka alipomaliza jambo lake. Kisha akasema, "Amina," akakaa juu ya visigino.

"Amina ya nani?" Zipora akauliza.

"Mama? Umetoka wapi?"

"Nimekuuliza. Amina ya nani?"

"Ya Bwana Yesu. Ulitaka iwe ya nani?"

"Usinijibu kama mtoto wa sokoni. Umenunua kibirika. Unatawadha. Unasujudu. Na umeelekea kibla, nimepima."

"Umepima?"

"Kwa dira."

Maro alimtazama mamaye, akatazama mtaro, kisha akaanza kucheka, kwanza kwa puani, mwisho kwa mwili mzima, mpaka akashika udongo kwa mikono miwili. "Mama, mtaro ndio unaoelekea kaskazini! Baba aliuchimba hivyo maji yatoke kwenye pampu. Nipige magoti wapi, juu ya vitunguu vyako?"

Zipora alitazama. Mitaro yote tisa ya marehemu Komora ilikuwa imenyooka kuelekea upande mmoja, kama alivyoiona kwa miaka ishirini bila kujiuliza. Joto lilimpanda shingoni. Hakulitaka.

"Na chumba chako kina nini? Wakristo wengine huomba chumbani."

"Chumbani nikikohoa unauliza nimekunywa dawa gani."

"Na kibirika?"

Hapo Maro aliacha kucheka. Alikichukua, akakizungusha mikononi.

"Hiki nimejifunza Diff. Sitakuficha. Kulikuwa na mzee mmoja, Kerrow. Alikuwa na kundi kubwa la ngamia, la kujivunia. Nilipofika, walikuwa wamebaki watatu, na nilimwambia mmoja hatapona. Kila alfajiri yule mzee alitenga maji kidogo kutoka yale ya kunywa, akanawa, akainama mavumbini. Siku moja nilimuuliza, mzee, leo unashukuru nini? Akaniambia, 'Ngamia ilikuwa yake Mungu. Mimi nilikuwa nachunga.' Basi. Akaenda kuwatazama waliobaki."

Akakiweka kibirika juu ya tuta.

"Mama, mimi nazijua siku sita kwa moyo tangu darasa la tatu. Naweza kuzisema nikiwa usingizini. Lakini pale nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nilimwabudu aliyezifanya, nikakosa jibu. Nimekuwa nikiisifu kazi yake kama mtu anayesifu nyumba ya jirani kila siku, na hajawahi kubisha hodi."

"Kwa hiyo sasa dini yetu tufundishwe na mchunga ngamia."

"Hakunifundisha dini yetu. Alinionyesha kwamba nilikuwa nimeiacha. Ibrahimu hakuanguka kifudifudi? Na wale wazee mbele ya kiti cha enzi, wanaovua taji zao na kusema yeye ndiye aliyeumba vitu vyote? Nani aliyenifundisha hayo?"

"Nilikufundisha kuyasoma."

"Basi nilikuelewa zaidi ya ulivyotaka," Maro akasema, si kwa jeuri.

Zipora alipanda kurudi nyumbani akiwa amemwamini nusu. Nusu nyingine ilikataa. Mtu huanza na maji, akaenda kwenye udongo, na kesho je? Na hata kama Maro alisema kweli, nani atakayemweleza Hawayu habari za mtaro na pampu? Homa ilikuwa salama zaidi. Hakumwambia mwanawe kwamba amekwisha kumwondoa katika zamu ya Jumapili. Aliacha tu siku ipite.

Jumapili Maro alitoka chumbani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Zipora alipoliona alitaka kusema, akafungua mdomo, akauliza kama amekunywa chai.

Kanisa lilijaa. Mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu walikuwa mbele ya madhabahu. Mzee Buya alisimama, akapangusa miwani.

"Ndugu zangu, kama mnavyojua, leo alikuwa asimame kijana wetu Maro. Kwa bahati mbaya ni mgonjwa, ana homa kali, kwa hiyo mwalimu..." Macho yake yakaangukia benchi la tatu. Maro alikuwa pale, mzima, mabega yamejaza shati. Buya akavua miwani, akaivaa tena. "Kwa hiyo mwalimu atatuongoza," akamaliza kwa shida.

Shingo ziligeuka. Hawayu hakugeuza shingo tu, aligeuka mwili mzima. Maro alimtazama mamaye, na Zipora akaona mwanawe akielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua ndefu. Hakukasirika. Aliinamisha macho, kana kwamba ndiye aliyekosea.

Zipora, amevaa gauni lake la bluu, alikwenda mbele. Alianza kama kila mwaka, mikono nyuma, sauti imenyooka. Alisema giza, alisema maji, alisema sauti iliyotamka na nuru ikawa. Anga, nchi kavu, majani yenye mbegu. Jua, mwezi. Samaki, ndege. Wanyama wa kufugwa na watambaao. Alifika kwa mtu, aliyefinyangwa kwa udongo, akapuliziwa pumzi puani, na hapo aliona moyoni duara dogo la mtaroni, pana kama kiganja cha mtoto, udongo umegusa udongo.

Kuku mmoja akapiga mabawa. Kilichobaki kilikuwa kusema, tumwabudu Muumba wetu. Maneno matatu. Midomo yake haikuyatoa.

"Maro hana homa," alisema badala yake. "Hakuwa na homa. Mzee Buya hajakosea, nilimwambia uongo." Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mabati, naye akainua kidole, na kwa kuwa nusu ya waliokuwamo walikuwa wanafunzi wake, ukakoma. "Nilimshuku mwanangu, nikaliogopa jina letu, nikasimama hapa kusimulia kazi ya Mungu na uongo mdomoni. Siwezi kuwaongoza. Maro, njoo uniondoe."

Maro alikuja. Alipompita aligusa kiwiko cha mamaye, kisha akasimama kati ya ndizi na kuku. Hakuongeza neno juu ya siku sita.

"Tumwabudu aliyetuumba," akasema. Akavua viatu. Zipora alijua kitakachofuata, na moyo wake ukapiga kelele, usifanye, si hapa, si mbele ya Hawayu. Maro akapiga magoti juu ya saruji, akaweka viganja chini, akainama mpaka kipaji kikagusa.

Kanisa lilibaki wima. Mtu alikohoa. Hawayu aliinama kwenye sikio la jirani yake, na midomo yake ikaanza kusogea. Zipora aliona yote: miezi ya minong'ono, viti vitakavyosogezwa mbali naye, jina la Komora likitamkwa kwa kuvuta pua. Akamwona na mwanawe, peke yake pale chini, akifanya kile ambacho nyumba yao ilikuwa imewaambia watu wafanye kwa miaka ishirini na saba.

"Kanisa!" alisema, kwa ile sauti iliyokuwa ikifika hadi lango la shule. "Mmeambiwa muabudu. Mnangoja kengele? Magoti!"

Mabenchi yakalia. Mzee Buya alikwenda chini wa kwanza, miwani mkononi. Wakafuata vijana, kina mama, askari mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na ambaye hakujua kama amri ilimhusu. Wengine waliinama nusu, wakaona wenzao, wakaendelea. Zipora alibaki amewakazia macho, safu kwa safu, akitafuta atakayekaidi. Hawayu alikuwa wa mwisho. Alimtazama Zipora, Zipora akamtazama, kisha Hawayu akakusanya gauni lake na kushuka.

Alikagua tena toka ukuta hadi ukuta. Migongo tu. Aliyesalia amesimama katika kanisa zima alikuwa mtu mmoja tu, amevaa gauni la bluu, na kila aliyeinua jicho angemwona.

Zipora alishika ukingo wa madhabahu, akaanza kushuka, goti moja kwanza.